Jina la Kikosi: Wapagazi wa Voi na Taveta
Mjukuu atafutaye kikosi cha babu yake wa vita vya 1914–1918 huanzia kwenye makaburi ya kijeshi ya Voi na Taveta. Huko husoma majina ya askari wa Uingereza na Afrika Kusini. Wapagazi waliowabebea chakula na risasi, na kufa kwa maelfu, wengi wao kwa maradhi, ni nadra kuandikwa kwa jina. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi mwaka 2021 tu. Serikali yenyewe ilikibadilisha jina kikosi hicho, Carrier Corps, vita vikiendelea. Lugha haikutii: ikashikilia Kariakoo. Basi mzee aulizwe, si "Alikuwa askari wapi?", bali "Alikwenda kariakoo?"