Maji Yakigeuka Kijani: Manamba, Korona na Perege wa Korogwe

Siku hizi akwariamu ya maji chumvi ni pambo la mjini: hotelini, saluni, sebuleni kwa wenye nazo. Wiki chache tu, kioo kinavaa utelezi. Ukiwa wa kahawia na unafutika kwa kidole, mara nyingi ni diatomu, wageni wa tangi jipya. Nyuzi za kijani kama nywele, huo ni mwani. Utando mwekundu unaobanduka kama ngozi wala si mwani, ni bakteria. Wengi hukimbilia dawa, kumbe kesi ni ileile: chakula kimezidi, mwanga umezidi. Punguza msosi wa samaki, badili maji kidogo kidogo, zima taa mapema, weka konokono wanaokula mwani. Ukiacha chanzo, unarudi tu.

Mdau, Korogwe somo hili walilipata zamani, tena kwa mto mzima.

Mkonge uliingia Tanga mwaka 1893, enzi za Mjerumani. Mashamba yakasambaa: Ngombezi, Magoma, Hale. Vibarua walioletwa kutoka mbali waliitwa manamba, maana kila mtu alikuwa na namba yake. Kazi yao ilikuwa kukata majani na kuyalisha kwenye korona, ile mashine ya kutoa nyuzi. Sasa cheki hesabu: katika jani zima, nyuzi hazifiki hata asilimia 5. Zinazobaki ni makapi na majimaji, na kwa miaka mingi yaliachiwa yatiririke mtoni. Katikati ya miaka ya 1960 nchi ilitoa zaidi ya tani 200,000 za nyuzi kwa mwaka. Makapi yake je?

Makapi yakioza majini yanamaliza oksijeni na kuacha mbolea. Hapo mwani unasherehekea, samaki wanahangaika. Na Mto Pangani ulikuwa na samaki wake, perege wa ukoo unaokula mwani. Mwaka 1955 mwanasayansi mmoja wa kike alimtangaza rasmi kwa jina la mji: korogwe. Samaki kapewa jina, manamba wakabaki na namba.

Handeni nao wamo. Kule ni kukavu, malambo yakipigwa jua yanageuka kijani. Ndiyo maana miaka ya 1970 ulijengwa mradi wa HTM, bomba la kupeleka maji ya Mto Pangani kutoka Korogwe. Kwa hiyo uchafu wa mtoni ni habari ya ndoo ya mama wa Handeni. Maji yanayobaki yanaishia baharini Pangani, kwenye matumbawe yenyewe, siyo ya kwenye kioo.

Miaka ya 2000 Hale ulifungwa mtambo wa kugeuza makapi ya mkonge kuwa gesi na umeme. Hawakumwaga dawa mtoni. Waligusa kinacholisha mwani, kama mwenye akwariamu anayepunguza msosi.

Wewe wa Korogwe, mto wenu leo una rangi gani? Na babu yako alikuwa namba ngapi?