Andrew Harclay: Msaliti au Mlinzi wa Mpaka?

Nilipoanza kusoma kuhusu mpaka wa Uingereza na Uskoti katika karne ya 14, nilitarajia kuandika juu ya wafalme. Nikakutana na Andrew Harclay, na wafalme nikawaweka kando.

Mwaka 1315, mwaka mmoja baada ya Waingereza kushindwa vibaya Bannockburn, Mfalme Robert Bruce wa Uskoti aliuzingira mji wa Carlisle. Harclay ndiye aliyeulinda. Waskoti walitengeneza mnara wa mbao wenye magurudumu ili waufikie ukuta, lakini mvua zilikuwa nyingi na mnara ukakwama kwenye matope. Siku kumi hivi zikapita, wakaondoka.

Machi 1322 Harclay alifunga njia ya mto pale Boroughbridge na kumshinda Thomas wa Lancaster, binamu wa mfalme aliyeasi. Kwa shukrani, Edward II akamfanya kabaila mkuu wa Carlisle.

Lakini Oktoba mwaka huohuo Waskoti waliingia hadi Yorkshire, na mfalme mwenyewe akaponea chupuchupu kukamatwa. Kwa watu wa kaskazini hiyo haikuwa habari mpya. Kwa miaka mingi mazao yao yalichomwa, ng'ombe wakaswagwa, na wengine wakawa wanawalipa Waskoti fedha ili waachwe. Tarehe 3 Januari 1323 Harclay alikutana na Bruce huko Lochmaben, wakapatana: Bruce atambuliwe kuwa mfalme wa Uskoti, naye amlipe Edward maki 40,000 kwa miaka kumi.

Harclay hakuwa na idhini, na hilo silitetei. Raia hana mamlaka ya kufanya amani na adui wa mfalme wake. Alikamatwa Februari, na tarehe 3 Machi akanyongwa bila kupewa nafasi ya kujitetea. Mwili ukakatwa vipande vinne, kichwa kikapelekwa London.

Kinachonisumbua ni Mei ya mwaka huohuo. Edward alisaini na Waskoti mapatano ya kusitisha vita kwa miaka 13. Ni kweli hakumtambua Bruce kuwa mfalme, kwa hiyo mapatano hayo mawili hayakuwa sawa kabisa. Hata hivyo, mkulima wa Cumberland alitaka kuvuna shamba lake tu.

Mwaka 1328 Uingereza ilimtambua Bruce. Mwaka huohuo dada yake Harclay aliruhusiwa kukusanya vipande vya mwili wa kaka yake, avizike.