Kipimo cha homoni katika utambuzi wa kifafa

SI kila anayeanguka, kupoteza fahamu na kutetemeka mwili ana kifafa. Wapo wanaozirai kwa sababu damu imepungua ubongoni kwa muda, na wapo wanaopatwa na mishtuko itokanayo na dhiki ya nafsi, ambayo si maigizo. Watu hawa wakidhaniwa wana kifafa, huenda wakameza dawa zisizowafaa kwa miaka mingi.

Kipimo kimojawapo cha kutenganisha hali hizi ni kiwango cha prolaktini katika damu. Homoni hii, ambayo kazi yake maarufu ni kuwezesha matiti ya mama kutoa maziwa, hutolewa na tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo. Kwa kawaida ubongo huizuia tezi hiyo kwa kemikali iitwayo dopamini. Mshtuko wa kifafa unapoenea hadi sehemu inayoitawala tezi, kizuizi hulegea na homoni huongezeka ghafla katika damu.

Daktari Michael Trimble wa Uingereza alieleza jambo hilo mwaka 1978. Mnamo 2005, chama cha madaktari wa mishipa ya fahamu nchini Marekani kilipitia tafiti zilizokuwapo na kuafiki kwamba kipimo hicho huwasaidia watu wazima na watoto wakubwa, mradi damu itolewe kati ya dakika 10 na 20 baada ya tukio. Kiwango hicho hulinganishwa na cha damu iliyotolewa mgonjwa akiwa ametulia, saa 6 au zaidi baadaye.

Muda huo mfupi ndio kikwazo kwa wakazi wa Mombasa bara. Hospitali Kuu ya Pwani iko kisiwani. Mgonjwa wa Likoni kwa kawaida huvuka kwa feri, wa Kisauni hupitia Daraja la Nyali, naye wa Changamwe hupitia Makupa. Foleni peke yake yaweza kumaliza dakika hizo 20.

Aidha, kipimo hicho kina mipaka. Kuzirai kwa kawaida pia huweza kupandisha prolaktini, sawa na ujauzito, kunyonyesha na baadhi ya dawa za maradhi ya akili. Vilevile, kiwango cha kawaida hakithibitishi kwamba mtu hana kifafa. Hivyo, mgonjwa asiache dawa kwa sababu ya jibu hilo pekee.

Kifafa si ugonjwa adimu Pwani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliohusisha Kilifi na maeneo mengine manne ya Afrika, ulikadiria kuwa karibu watu 8 kati ya kila 1,000 Kilifi walikuwa na kifafa cha kutetemeka mwili.

Kwa sababu hiyo, maelezo ya aliyeshuhudia yangali msingi wa utambuzi. Jamaa aangalie saa, akumbuke ni kiungo gani kilichoanza kutetemeka na iwapo macho yalikuwa wazi, na akiweza arekodi kwa simu.

Mgonjwa alazwe ubavu, asishikiliwe kwa nguvu wala kutiwa kitu kinywani. Mshtuko ukizidi dakika 5, au ukirudia kabla hajapata fahamu, apelekwe mara moja katika hospitali iliyo karibu.