Mshale wa Nane

Kariakoo misumari huuzwa kwa kilo. Nilipoomba mmoja tu, wa inchi nne, muuzaji alicheka: "Dada, unajenga nyumba ya panya?" Akanipa bure. Nikatembea nao hadi Posta ya Zamani, nikaulinganisha na picha ya mshale wa babu iliyo kwenye simu yangu. Urefu karibu ule ule. Kigumba chake nacho kilikuwa msumari, uliopondwa kwa nyundo ukawa bapa.

Babu alinifundisha kuchagua uwano. Usikate tawi, alisema. Tafuta chipukizi la mkole lililoota wima kwenye kisiki. Limenye gome, likauke kivulini, kisha lipitishe juu ya moto ukilinyoosha pale lilipopinda. Funga jicho moja, utazame kutoka mwisho hadi mwisho. Manyoya ni ya kanga, yote ya bawa la upande mmoja. Kigumba kizito kwenye uti mwembamba, mshale utainama kabla ya kufika.

Hayo yote nimeyaandika katika tasnifu yangu ya uzamili, inayohusu sungusungu. Baada ya vita vya Kagera vya 1978–79 bunduki zilizagaa, na wezi wa ng'ombe wakawa na silaha kuliko wenye ng'ombe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanavijiji wa Shinyanga na Tabora walijipanga, wakachukua jina la wale chungu weusi wanaouma. Silaha zao zilikuwa upinde, mishale na filimbi. Mwaka 1989 sheria iliwatambua. Wizi ulipungua. Lakini waliuawa watu wasiofikishwa mahakamani, na katika baadhi ya vijiji walioshukiwa uchawi, wengi wao wanawake wazee, walifukuzwa.

Babu alikuwa sungusungu. Siku moja alinionyesha podo lake.

"Nilitengeneza minane," alisema.

Nikahesabu saba. "Wa nane uko wapi, babu?"

"Ulipotea."

Nikamuuliza kuhusu gundi ya manyoya. Alinijibu kwa kirefu, nami nikaandika kila neno. Alifariki mwaka uliofuata.

Msimamizi wangu aliisifu sura ya utengenezaji: ina mambo mengi ambayo hayamo vitabuni. Ni kweli. Lakini ilinenepa kwa sababu kila nilipolikaribia swali lile, nilirudi kwenye mti, moto na manyoya. Daladala ilipofika niliutia msumari mkobani. Nitaiandika upya sura hiyo, ianze na hesabu: alitengeneza minane, nilikuta saba.