Kuchambua Pamba na Umri wa Shati

Fulana mbili zilizonunuliwa siku moja, zote zikiwa na lebo ya pamba asilimia 100, zinaweza kuzeeka kwa mwendo tofauti kabisa. Baada ya miezi michache ya kufuliwa, moja imeota vidonge vya manyoya na kuwa nyepesi kama chandarua, nyingine bado imeshikamana. Wengi hulaumu sabuni. Mara nyingi chanzo kiko nyuma zaidi, katika kazi ambayo Kiswahili huiita kuchambua.

Neno hilo lilizaliwa mikononi. Karafuu huchambuliwa kwa kutenganishwa na vikonyo, mchicha kwa kuondolewa mabua, na pamba kwa kutolewa mbegu. Mashine zilipokuja, neno likahamia kiwandani bila ubishi. Mkulima wa Simiyu au Shinyanga huuza pamba mbegu. Kiwanda hutoa pamba nyuzi, ambayo ni kama theluthi moja ya uzito, na mbegu nyingi huenda kukamuliwa mafuta.

Hapa kwenye "nyuzi" pana tatizo. Nyuzi ni wingi wa uzi, yaani kitu kilichokwisha kusokotwa, na papo hapo tunalitumia kwa yale manyoya membamba yanayotoka kwenye mbegu. Tukisema kiwanda husokota nyuzi kutokana na nyuzi, msomaji atatuelewaje? Naona heri neno nyuzinyuzi libaki kwa manyoya hayo, na uzi na nyuzi yawe ya kilichosokotwa.

Basi kuchambua kunazifanyaje nyuzinyuzi? Inategemea mashine. Ya misumeno ilitokana na ile ya meno ya waya aliyopewa hataza Eli Whitney nchini Marekani mwaka 1794. Meno hunasa nyuzinyuzi na kuzivuta kwenye upenyo mwembamba ambao mbegu haipiti. Ina kasi kubwa, lakini hukata baadhi ya nyuzinyuzi. Ya rola, iliyotumika sana Tanzania na Uganda, huzivuta kwa rola lenye mkwaruzo huku kisu kikizuia mbegu. Ni ya polepole, na hutunza urefu zaidi.

Unyevu nao una neno lake. Pamba iliyokaushwa kupita kiasi hukatika kwa urahisi; iliyolowa hukwama mashineni na kutoka na mabonge. Ndiyo maana mtu anayemwagia pamba maji ili izidi mizani anaharibu nguo ambayo bado haijashonwa.

Urefu ndio roho ya jambo hili. Uzi hauna gundi. Unashikwa na msuguano wa nyuzinyuzi zilizolaliana. Zenye milimita 28 hushikana mahali pengi. Zilizo chini ya milimita 12.7, ambazo wataalamu huzihesabu kuwa fupi, hushikwa kidogo tu na ncha zake huchomoza. Nguo inapofikichwa, au inapozungushwa kwenye mashine ya kufulia, ncha hizo hujisokota zikawa vidonge, au huchomoka na kwenda na maji. Maji yenyewe hayana kosa, kwa kuwa pamba iliyolowa ina nguvu kuliko kavu.

Kiwanda cha kusokota kinaweza kupunguza madhara kwa kuchana, yaani kupitisha pamba kwenye vitana vinavyoondoa zilizo fupi. Hilo linapoteza sehemu ya pamba, kwa hiyo bei hupanda. Wanga unaotiwa kwenye kitambaa hufanya kazi nyingine: hukifanya kiwe kigumu na kizito dukani, kisha huondoka na maji ya kwanza. Mnunuzi anayepima ubora kwa ugumu huo anapima wanga.

Nyumbani, igeuze nguo ndani nje kabla ya kuifua, na jiki uitumie kwa kiasi, maana klorini hula pamba yenyewe. Nao wenye viwanda, wasiishie kwenye asilimia 100. Waandike kwenye lebo, kwa Kiswahili, kama pamba imechanwa.