Kura ya Mkulima: Ushirika na Utawala wa Watu

Chama Kikuu chetu kinapotimiza miaka kumi, yafaa sisi wakulima wa Ipelele, pamoja na wenzetu wa Njombe na Makambako, tukumbuke kwamba ushirika haukuanzishwa kwa ajili ya mizani na magunia peke yake. Ushirika ni shule ya utawala. Ndani yake mtu hujifunza kuchagua, kuuliza hesabu, na kulikubali neno la walio wengi.

Shule hiyo ni ya siku nyingi. Mwaka 1844 wafumaji na mafundi wa Rochdale, Uingereza, walifungua duka lao kwa kanuni kwamba kila mwanachama, hisa zake ziwe chache au nyingi, ana kura moja. Wakati huo wafanyakazi wengi wa nchi hiyo hawakuwa na kura ya Bunge.

Kwetu mambo yalifuata njia iyo hiyo. Sheria ya Vyama vya Ushirika ilitungwa Tanganyika mwaka 1932. Mwaka 1933 wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro wakaunda KNCU, na mwaka 1936 jirani zetu wa Songea, Wangoni na Wamatengo, wakaunda chama kikuu cha tumbaku. Lakini uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria ulifanyika mwaka 1958 na 1959, tena kwa masharti ya kipato, elimu au cheo. Hivyo mkulima asiye na haki ya kumchagua mjumbe wa Baraza alikuwa amekwisha kuwachagua viongozi wa chama chake.

Baada ya Uhuru wa mwaka 1961 vyama viliongezeka upesi kuliko ujuzi wa kuviendesha. Mwaka 1966 Kamati Maalumu ya Rais ilivichunguza, ikakuta ubadhirifu, upendeleo katika kuajiri, na wanachama wasiojua haki zao. Kisha, mwezi Mei 1976, Serikali ikavivunja vyama vikuu. Vijiji vikapewa kazi ya vyama vya msingi, na mamlaka za mazao zikawa ndizo zinunuazo. Mkulima hakuulizwa kwa kura. Akicheleweshewa malipo, hakuwa na mkutano mkuu wa kudai maelezo, wala mwenyekiti wa kumwondoa.

Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha vyama, na ile ya mwaka 1991 ikasisitiza kwamba mtu ajiunge kwa hiari na chama kiwe mali ya wanachama. Mwaka uliofuata nchi ikaruhusu vyama vingi vya siasa.

Ndugu wanachama, ushirika wa zamani ulidhoofishwa na mambo mawili: amri kutoka juu na ukimya kutoka chini. La kwanza haliko mikononi mwetu sote. La pili liko. Mwanachama aletaye viazi, ngano au pareto yake, kisha asifike mkutanoni, ameuza mazao na kuiacha kura yake ghalani. Nao viongozi wasomao hesabu upesi upesi ili zisieleweke wanaufunga mlango walioingilia.

Basi katika miaka kumi ijayo tusihesabu magunia tu. Tuhesabu pia mikono inayoinuliwa mkutanoni, na maswali yanayojibiwa.