Geuza Kadi Uone

Juma lililopita nilikuwa Msuka, kaskazini ya Pemba, kwa shangazi yangu. Tulifungua kibweta cha marehemu babu. Mchwa walikwisha fika kwenye kifuniko. Ndani mlikuwa na postikadi za Unguja: majahazi, Forodhani, na Beit al-Ajaib, jengo ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Baadhi zina jina la A. C. Gomes, mpiga picha Mgoa wa mjini Unguja.

Binamu yangu alitaka kuzibandika ukutani kwa gundi. "Mali ni picha," alisema. Nikamwambia azigeuze. Msuka yetu, yenye magofu ya msikiti ambao mihrabu yake imechorwa mwaka 816 Hijria, yaani 1414, haimo katika picha hata moja. Imo nyuma, kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu: karafuu bei gani, nani kazaa, nani kafa.

Hata umri wa kadi hutafutwa huko. Uingereza iliruhusu maneno na anwani kukaa upande mmoja mwaka 1902, na nchi nyingine zikafuata. Kabla ya hapo watu waliandika pembeni mwa picha.

Tumetia kila kadi katika bahasha ya karatasi, mbali na jua na unyevu. Vijana wanazisoma herufi, lakini anayewajua waliotajwa ni shangazi peke yake. Basi yeye husimulia, binamu huandika kwa penseli juu ya bahasha.

Nanyi mna vibweta. Mwulizeni mzee leo, mchwa hawangoji.